Tableti ya Tatu

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba haikulala sawa mezani. Mimi ni mshonaji, na meza yangu ya kukatia imenyooka kuliko kitu kingine chochote nyumbani kwetu; ukiweka juu yake sindano iliyopinda, inajulikana mara moja. Asubuhi hiyo niliiweka tableti ya binti yangu kando ya kitambaa cha sare za shule, nikaigusa kwa kiwiko bila kukusudia, ikayumba. Nikaigeuza. Mgongo ulikuwa umepanda katikati, na ubavuni kioo kilikuwa kimeanza kuachana na fremu, kikiacha upenyo wa kupitisha uzi. Nikakibana kwa vidole. Nilipoachia kikafunguka tena. Moyo ukanilipuka paa.

Ili mtu aelewe kwa nini mama mzima atetemeke mbele ya kifaa, nieleze kwanza habari ya mtoto. Binti yangu alishikwa na homa kali akiwa na miaka mitatu. Homa ilishuka, mtoto tukabaki naye, lakini maneno hayakurudi. Anasikia kila kitu, hasa yale usiyotaka ayasikie. Anaelewa Kiswahili chetu na Kifaransa cha shuleni, na ukimdanganya anakutazama mpaka uone aibu. Anatembea kwa kukokota mguu mmoja. Mkono wa kulia unamtii, kinywa hakimtii. Tangu ana miaka mitano anaongea kwa tableti: anagusa picha, tableti inatamka neno. Sasa ana kumi na mitatu. Kwa hiyo kinywa cha mtoto wangu ndicho kilichokuwa kinavimba pale mezani.

Niliifunga kwenye kitenge nikaenda nayo kwa fundi wa simu, mzee mmoja mwenye miwani anayekaa chini ya mwavuli karibu na soko la mtaa wetu. Aliipokea, akaipima mkononi, akawaangalia wateja waliokaa kwenye benchi.

"Maman, tableti yako iko na mimba."

Benchi zima likacheka. Mimi nilitamani kumrushia bisibisi yake.

"Papa, miye sicheke. Mutoto yangu anasemaka na hii kintu. Bila hii hana sauti."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa upya. Hakutania tena.

"Unaiachaka kwa courant?"

"Siku yote. Courant ikikuya, ikute iko tayari kwa prise."

"Njo ile. Batri imekula mpaka imechoka. Ikitobolewa ama ikipata joto, itawaka moto. Na inalalaka wapi?"

Ilikuwa inalala chini ya mto wa mtoto. Miaka minane, tableti baada ya tableti, chini ya mto wa mtoto, na waya ukipita nyuma ya kitanda kwenda kwenye prizi. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiiweka pale kila jioni, nikijiona mama mwangalifu kuliko wote wa Katuba, mtaa wetu.

Anayeishi mahali ambapo umeme haukatiki atanicheka. Kwetu umeme, hiyo courant, ni mgeni asiyetoa taarifa. Unaondoka asubuhi chai ikiwa bado jikoni, unarudi ukijisikia. Ndiyo maana hakuna anayechomoa kitu. Friji, redio, simu, pasi, vyote vinakaa vimechomekwa vikingoja, na taa moja inaachwa imewashwa makusudi ili ituambie umeme ukirudi. Ukichomoa, watakuita mjinga, maana umeme unaweza kuja kwa nusu saa ukakukuta sokoni. Na unaporudi hauji taratibu, unakuja kwa kishindo mpaka balbu zinapasuka. Siku ya kwanza kabisa, dada wa kituo cha watoto wenye ulemavu, aliyetupa tableti, alituambia tusiiache kwenye umeme muda wote. Niliitikia kwa heshima, nikasema moyoni kwamba huyu hajalala kwetu. Majuto ni mjukuu, wanasema. Huyu wangu alikuja kuishi nami kabisa.

Fundi alisema batri ya aina ile haitengenezwi tena. Angeweza kutoa nyingine ndani ya tableti iliyokufa, lakini hiyo nayo ingekuwa mzee kama hii. Alichokifanya ni kuing'oa ile iliyovimba, kwa kisu cha plastiki na pumzi iliyobanwa, kisha akaunganisha nyaya mbili kutoka kwenye chaja moja kwa moja hadi ndani. Tableti ikawaka. Ila sasa ilikuwa inaishi kwa umeme tu. Nilipojaribu kuilisha kwa batri ya akiba ya kuchajia simu, iliwaka ikazima, ikawaka ikazima, kama mtu anayesinzia kanisani.

Hivyo ndivyo mtoto wangu alivyoanza kuongea kwa saa za umeme.

Sijawahi kuishi siku kama zile na sitaki zirudi. Taa ya kutujulisha ilipowaka, alikuja mbio akikokota mguu wake, akakaa sakafuni kando ya prizi, akaanza kugusa picha bila kupumua, yote aliyokuwa ameyaweka tangu asubuhi. Kichwa. Kinauma. Jana. Baba. Wapi. Kisha akagusa picha ya mkono ulionyooshwa, tableti ikasema "Nataka," na umeme ukakatika. Nikamwuliza: maji? Chakula? Choo? Usingizi? Akatikisa kichwa kila mara, mwishowe akageukia ukuta. Sikujua alichotaka, na umeme uliporudi kesho yake hakukirudia. Mpaka leo linaniuma.

Tumaini lilikuwa kwa baba yake. Mume wangu anaendesha lori, anapeleka shaba kusini na kurudi na bidhaa. Nilimpigia simu nikalia, na yeye, ambaye hapendi kilio kwenye simu, aliniambia ninyamaze, ataitafuta tableti huko huko. Aliipata upande wa Zambia. Kisha akafika Kasumbalesa, mpakani, na pale, kama tunavyojua wote, malori yanaota mizizi.

"Tuko bado kwa mustari," aliniambia siku ya pili. "Leo tumesogea camions mbili."

"Iko wapi? Unaichunga?"

"Naichunga. Nalala nayo kwa kitanda ya cabine, sawa bibi ya pili."

"Usiiache kwa jua. Na kama inakuya na chargeur yake, usichomeke, uiache."

"Mama, hata miye haukuniulizaka kama niko kwa jua."

Alicheka, na mimi nikakata simu kwa hasira, halafu nikaogopa kwamba nimemkatia mtu aliye barabarani.

Katika kungoja huko nilikuwa nikishona na kuhesabu tableti zetu kichwani. Ya kwanza ilikuja kituoni ikiwa imeshatumika Ulaya na kustaafu. Ilikuwa nene kama ubao wa kukatia mboga, na chini ya kioo ilikuwa na kitufe cha kweli, kinachobonyea na kulia tik. Kioo chake kilikuwa na kiburi. Kilitaka kidole kikaze. Ukigusa picha, unahesabu moja, mbili, ndipo sauti inatoka. Kumbukumbu yake ilikuwa ndogo mno, kiasi kwamba kila nikitaka kuongeza neno nilipaswa kuchagua neno la kufuta. Nilifuta "theluji" na "treni" ili nipate nafasi ya "sombe", kisamvu chetu, na "bukari", ugali wetu.

Programu yenyewe ilikuja na mwanamke wa Kifaransa ndani yake, mwenye sauti safi kama ya uwanja wa ndege. Sikutaka mtoto wangu aombe maji kwa sauti ya mgeni. Kwa hiyo nilikaa kituoni asubuhi baada ya asubuhi, katika chumba kilichotundikwa mablanketi ukutani ili kuzuia mwangwi, nikarekodi kwa sauti yangu mwenyewe maneno mia mbili na kitu. Nataka maji. Nasikia njaa. Nataka kulala. Asante. La mwisho nililichagua mimi, sikumwuliza mtu: picha ya moyo mwekundu, na chini yake sauti yangu inayosema, "Maman, nakupenda." Siku binti yangu alipoigusa mara ya kwanza nililia hadharani. Nilisahau kabisa kwamba aliyesema ni mimi.

Ya pili, hii iliyokuja kuvimba, ilikuwa nyepesi, vitufe vimehamia ubavuni, kioo laini kinachoitikia ukikipapasa tu. Kumhamisha mtoto kulikuwa kazi ya dakika chache: dada wa kituo alichomoa kadi ya kumbukumbu, ndogo kama ukucha, akaichomeka kwenye ile mpya, na maneno yangu yote yakawa yamehama nayo. Nikadhani ndivyo tableti zinavyorithishana, kama mama anavyompa binti sufuria zake.

Tableti hiyo ya pili ilikuwa na tabia moja. Kila baada ya muda iliandika juu ya kioo kwamba mfumo mpya uko tayari, je, ninakubali uwekwe? Nilikuwa nikibonyeza "baadaye". Mama mmoja wa pale kituoni alikubali, na ilipowaka tena, picha zote za mwanawe zilikuwa zimemezwa. Tangu hapo sikukubali kamwe. Baadaye, baadaye, miaka yote. Na siku moja ikaacha kuniuliza. Nilifurahi, nikadhani imeelewa. Kumbe ilikuwa imeachwa nyuma, na waliokuwa wakiitengenezea mifumo walikuwa wameshaisahau.

Lori lilivuka siku ya sita. Mume wangu aliingia amefunikwa na vumbi, akaitoa tableti ndani ya fulana yake. Sikumsalimia vizuri, na aliniambia hivyo baadaye. Niliichukua nikaigeuza chini ya dirisha. Ilikuwa nyembamba kama chaki yangu ya kuchorea kitambaa. Kitufe hakikuwepo. Mdomo wa chaja ulikuwa wa umbo jingine, wa yai, chaja zetu zote za nyumbani hazikuingia. Nikapitisha ukucha pembeni kote, mara ya kwanza, mara ya pili, nikitafuta tundu la kadi. Hakukuwa na tundu.

"Si muzuri?" mume wangu aliuliza.

"Iko muzuri," nilisema.

Fundi aliunganisha mbili hizo kwa waya chini ya mwavuli wake, siku hiyo mtaa ule ukiwa na umeme. Alijaribu kuisukuma programu yetu ndani ya mpya. Kioo kikaandika kwa Kifaransa kwamba programu hii ilitengenezwa kwa mfumo wa zamani mno, haiwezi kuwekwa. Alijaribu kwa njia ya pili. Jibu lile lile. Alijaribu kuzitoa sauti zenyewe tu, akazikosa.

"Maman, sikia. Zamani hii système ilikuwa sawa parcelle bila lupango, bila ukuta, kila mutu anapita. Sasa kila programme iko na chumba yake na funguo yake. Sauti yako iko mule ndani, mais mulango imefungwa. Na ile mupya haikubali programme ya bazee. Banasema ni ju ya bezi."

"Mwizi gani ataiba sauti yangu ya kuomba sombe?"

Akatabasamu kwa huruma, na huruma ile ikaniogopesha kuliko lile andiko la Kifaransa. Alinitafutia programu nyingine, mpya, ya bure, inayofanya kazi ile ile. Ilikuja tupu kabisa, vyumba vyeupe bila picha. Picha unapiga mwenyewe kwa tableti, sauti unaitia mwenyewe. Akanipa shauri: niziweke tableti mbili uso kwa uso, nibonyeze neno kwenye ya zamani, ile mpya ilisikie na kulihifadhi.

"Mais ufanye mbio," aliongeza. "Hii ya zamani haitakawia."

Basi nikaanza. Niliziweka mezani kwangu, moja imefungwa kwa nyaya zake ukutani, nyingine imelala mbele yake. Nilimfukuza mume wangu na redio yake. Nilifunga dirisha kwa sababu ya jogoo wa jirani. Maji: bonyeza, ngoja, hifadhi. Bukari: bonyeza, ngoja, hifadhi. Kila neno lilichukua muda, na kila wakati jicho langu moja lilikuwa juu ya taa. Binti yangu alisogeza kigoda akakaa kando yangu, kidevu juu ya meza, akitazama. Sikumwangalia. Nilikuwa na maneno mia mbili ya kuokoa na umeme usioaminika, nani ana nafasi ya kumwangalia mtoto?

Nilikuwa nimevuka kama arobaini hivi nilipofika kwenye moyo mwekundu. Nikabonyeza. "Maman, nakupenda," sauti yangu ikasema, na mkono wa binti yangu ukaja ukaifunika tableti mpya.

"Acha," nilisema. "Courant itaenda."

Akatikisa kichwa. Nikadhani hajaelewa, nikamweleza upesi upesi kwamba ni kwa faida yake, kwamba bila hivi atabaki bubu. Ndiyo, nilitumia neno hilo, ambalo halijawahi kutamkwa nyumbani mwetu. Aliikumbatia tableti kifuani, akatikisa kichwa tena, polepole. Nikashika pembe moja nikavuta. Akavuta. Tulikuwa tukivutana hivyo, mama na mwana, wakati taa ilipozima na ile ya zamani ikafa pamoja nayo.

Niliachia. Hakulia. Aliitia tableti mpya kwenye mfuko wake wa shule, akatoka nje.

Nilimfuata kwa mbali, na mkasi niliouokota mezani bila kufikiri. Alivuka barabara ya vumbi akaingia kwa jirani, ambako kuna binti wa umri wake anayependa kuzungumza. Hata akiosha vyombo anavizungumzisha. Siku hiyo alikuwa anaviosha. Binti yangu alimwekea tableti chini ya kidevu, akagusa kioo, akaelekeza kidole kwenye kinywa cha mwenzake. Kisha akajielekezea kifuani. Yule msichana alielewa kabla yangu. Akafuta mikono kwenye sketi, akakohoa kidogo kama mtu anayetaka kusoma tangazo, akasema, "Maji." Akacheka. Wakafuta, akasema tena.

Niliona wivu, nasema bila kuficha. Miaka minane nilikuwa nimemwazima sauti yangu, na hakuna aliyeniambia kwamba msichana wa miaka kumi na mitatu anaweza kuchoka kuongea kama mama yake. Nilirudi nyumbani nikakata kola ya sare upande usio wake. Kitambaa kizima kikaharibika.

Alasiri walikuja wote wawili, wakapita mbele yangu bila kusimama, wakaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Nilisikia mlio wa kupiga picha, minong'ono, kicheko, kimya, mlio tena. Kimya kilipozidi nikashindwa kuvumilia. Je, wamefuta yale arobaini? Je, wameichomeka? Je, ina joto? Nikausukuma mlango nikaingia, kama ninavyoingia siku zote.

Walikuwa wamekaa kitandani. Binti yangu aliinua macho, akateleza kidole juu ya kioo, akatafuta, akapata. Niliiona picha kabla ya kusikia: ulikuwa mlango wa chumba hicho hicho, umepigwa kutoka ndani. Akaugusa. Sauti ya yule msichana wa jirani ikatoka, kicheko kimebanwa nyuma yake:

"Maman, piga hodi mbele ya kuingia."

Kwetu, mtu mwenye adabu hapiti mlangoni bila hodi. Unabisha, unangoja "karibu", na ukibisha mara tatu bila jibu unarudi zako. Nimewalea hivyo watoto wote wa ndugu waliopita nyumbani mwangu. Lakini mlango huu sikuwahi kuubisha hata mara moja, wala baba yake, wala shangazi zake. Ungebishaje kwa mtoto asiyeweza kusema "karibu"? Ungesimama hapo mpaka Noeli. Kwa hiyo tuliingia tu, wote, miaka yote, akiwa amevaa na akiwa hajavaa, akilia na akiwa amelala. Na katika maneno yangu mia mbili, yote ya nataka na asante, sikuwahi kumwekea hata moja la kutuzuia.

Nilitoka. Nikauvuta mlango mpaka ukafunga. Nikabisha kwa mpini wa mkasi.

"Hodi."

Ndani kulikuwa na minong'ono, kisha mlio mdogo wa kidole kinachoteleza juu ya kioo.

"Ngoja," tableti ikasema.

Nikangoja. Umeme ulikuwa bado haujarudi, na mle ndani waliendelea kuzungumza, mmoja kwa kinywa na mwingine kwa kidole. Nilisimama kwenye korido na mkasi wangu, na kwa mara ya kwanza tangu ile homa sikuthubutu kukisia mtoto wangu anataka nini.